Matanga ya Mnara wa Kitelezi

Sogeeni hapa karibu, maana hadithi hii sitaipigia kelele. Anayependa kelele asihofu, nawapeleka sasa hivi kwa wenye kelele.

Palikuwa na mtu akiitwa Shekue, karani wa posta aliyestaafu, mtu mwema, mwenye dosari moja tu: simu. Shekue akipokea simu, mtaa mzima umepokea. "HALOO! SHIKAMOO SHANGAZI! NASEMA, SHI-KA-MOO!" Mkewe alikuwa akikimbilia kwa jirani, na huko kwa jirani akamsikia vizuri zaidi. Basi huyu Shekue ndiye aliyefika nchi ya Mavumo. Alifikaje? Hilo mwachieni yeye na miguu yake. Mimi nitawasimulia alichokikuta.

Mavumo ni nchi ya vilima na mabonde. Juu ya kila kilima pana mji, katikati ya kila mji pana mnara, na juu ya kila mnara pana baragumu la shaba lenye midomo pande zote. Mtu akitaka kumfikishia neno ndugu yake wa mji mwingine, humwambia Msemaji wa mnara. Msemaji hulitia neno hilo kwenye kitundu, na upepo wa mivukuto hulichukua, hulikuza, hulirusha ng'ambo ya bonde. Na mivukuto yenyewe msidhani ni ile ya mhunzi. Ni ngozi za ng'ombe zilizoshonwa pamoja mpaka zikawa kubwa kama vibanda, zimepangwa safu nzima chini ya mnara, na kila mkazi mwenye viungo vizima ana zamu ya kuvukuta.

Mpaka hapo hapana ubaya, hata sisi tuna minara yetu. Ubaya ulikuwa kwenye sheria. Sheria ya Mavumo ilisema kwamba mivukuto itajazwa pumzi ya neno kubwa kuliko yote, wakati wote. Neno kubwa kuliko yote ni "Vita!", na vita vya mwisho hakuna mtu hai anayevikumbuka. Haidhuru. Msemaji akisema "Mbuzi wa Mzee Dhihiri ameonekana," watu walivukuta pumzi ya vita. Akinyamaza anywe kahawa yake, walivukuta pumzi ya vita. Akisinzia je? Pumzi ya vita, ndugu zangu, na jasho juu.

Sasa ile pumzi iliyozidi ilikwenda wapi? Ubavuni mwa mnara palikuwa na tundu, nalo liliitwa Tundu la Heshima. Pumzi yote isiyopata neno la kubeba ilitokea hapo, ssssss, mchana kutwa, mlio wa kutia ganzi la meno. Mji wenye mlio mkubwa ndio mji wenye adabu zake. Wachumba waliulizana: "Kwenu tundu linaliaje?"

Tena kulikuwa na joto. Pumzi ikisongwa hivyo hupata moto, na mabomba ya mnara wa Kitelezi, mji alioufikia Shekue, yalikuwa hayagusiki. Mngedhani wataona haya. Wapi! Kiongozi wao, Bwana Mauridi, Mkuu wa Pumzi, alipita kila asubuhi akisogeza shavu lake karibu na bomba, na shavu likiungua alitabasamu na kusema, "Leo watu wamefanya kazi." Shavu lake la kulia lilikuwa na kovu, naye alilivaa kama nishani. Kwa kuwa joto lilikuwa linakausha ngozi za mivukuto, walikuwapo watu wengine wenye mivukuto midogo ya kupoza mivukuto mikubwa, na wengine wa kuwamwagia maji hao wapozaji, maana nao walikuwa wanapata joto. Shekue alitazama safu ile yote akaona kwamba waliobeba neno walikuwa wachache mno. Waliobaki walivukuta joto, au walivukuta kuondoa joto la waliovukuta.

"Ama kweli," alijisemea, "debe tupu haliachi kuvuma."

Bwana Mauridi, aliyekuwa karibu, alilidaka neno hilo akafurahi kupita kiasi. "MANENO HAYO, MGENI! HATA DEBE TUPU HALIACHI! SEUZE SISI TULIOJAA!" Akaagiza liandikwe langoni.

Aliyempokea Shekue nyumbani kwake ni Bi Zamzam, mama mtu mzima, mjane, mpana wa mabega kwa kuvukuta tangu ujana. "KARIBU MGENI!" alimwambia, nao wamesimama hatua moja tu baina yao.

"ASANTE BIBI! SHIKAMOO!"

"MARAHABA MWANANGU! MGENI NJOO, MWENYEJI APONE! UNA MIKONO MIWILI?"

"NINAYO!"

"BASI TUMEPONA!"

Shekue alijiona amefika kwao. Maishani mwake hajapata kusema na watu wasiomwambia ashushe sauti. Aliandaliwa wali wa juzi, baridi, kwa sababu Kitelezi mtu hana nafasi ya kukoka moto wa jikoni. Nguvu zote ziko mnarani. Mashamba aliyoyapita njiani yalikuwa magugu matupu. Alikula, akashukuru, na mpaka alasiri alikuwa ameshika mpini wa mvukuto pembeni mwa mwenyeji wake, kwani huko mgeni hulipia chakula kwa pumzi.

Hapo ndipo alipoona kwamba Bi Zamzam havukuti kama wenzake. Wenzake walitazama chini. Yeye shingo yake ilikuwa imegeukia bonde, sikio moja mbele, mithili ya mtu anayengoja kupigiwa hodi.

"UNANGOJA NINI, BIBI?"

"NANGOJA JINA LANGU," alisema Bi Zamzam, na machozi yakamlengalenga.

Alikuwa na binti mmoja tu, Ruzuna, aliyeolewa mji wa Mkabala, kilima cha pili, ng'ambo ya bonde. Nyumba zake unaziona kwa macho. Ruzuna alikuwa na mimba yake ya kwanza na mwezi ulikuwa umetimia. Huko Mavumo mtu haruhusiwi kuacha zamu akatoka mjini mpaka baragumu la mji aendako limwite kwa jina lake. Mama na binti walikuwa wameagana hivi: uchungu ukianza, Mkabala itaita, na mama atashuka bonde akamshike mwanawe mkono.

"NA WAKIITA UTASIKIA?" aliuliza Shekue.

Bi Zamzam alionyesha kwa kidevu Tundu la Heshima.

Kwa kweli maneno yalikuwa yanakuja kutoka Mkabala. Yalikuwa yanakuja tangu jana yake. Lakini yalifika yamesagika, yamechanganyika na mavumo ya miji mingine, maana kila mji ulirusha neno lake pande zote hata kama lilikuwa la mtu mmoja. Na yakifika Kitelezi yalikuta ule mlio wa ssssss, yakafia hapo. Msemaji Kheri, kijana mwenye mashavu ya duara na nia njema, alifanya kama alivyofundishwa. Alitia mdomo kwenye kitundu akapaza: "HATUSIKII, MKABALA! ONGEZENI PUMZI!" Mkabala wakaongeza. Kisha jibu lao likapenya kipande kipande: "NANYI ONGEZENI! HATUSIKII MNAVYOSEMA HAMSIKII!" Kitelezi nao wakaongeza.

Bi Zamzam akaenda kwenye Baraza la Pumzi, Shekue nyuma yake. Baraza hukaa chini ya mnara, kwa hiyo wajumbe hujadiliana kwa kupiga mayowe, wakitoka hapo wamepwelewa sauti, na mambo mengi hupita kwa sababu hakuna aliyeyasikia.

"Mauridi mwanangu," alianza Bi Zamzam, nami sasa nitaacha kuwapigia mayowe, nyinyi jazieni wenyewe, "mimi sitaki makubwa. Neno likiwa dogo, tuvukute kidogo. Neno likiisha, tupumzike, tusikilize wenzetu wanasema nini. Na kama neno ni la Mkabala, tuelekeze mdomo mmoja Mkabala, ile mingine tuizibe."

Kimya hakikuwapo, lakini wajumbe walitazamana kama mtu amevunja sahani.

"Bi Mkubwa," alisema Mauridi kwa heshima, "leo neno dogo, kesho kubwa. Tukishajizoesha pumzi ndogo, hiyo kubwa tutaitoa wapi?"

"Kwani nyumbani kwako wewe, mkeo akitaka kuchemsha chai hukoka moto wa pilau la arusi, akangoja arusi?"

"Hayo ni ya jikoni, Bi Mkubwa. Haya ni ya serikali."

Mjumbe mmoja mwenye ndevu alisimama akasema kwamba tukisema na Mkabala peke yao, miji mingine itadhani tunaisengenya. Mwingine alisema ule mlio wa tundu ndio unaombembeleza usingizi, je, Bi Zamzam yuko tayari kuja kumbembeleza yeye? Watu wakacheka. Shekue akanyoosha mkono akauliza, je, mnara ukinyamaza kidogo tu, kutatokea nini?

Hapo hata aliyekuwa anacheka aliacha. Mauridi alimshika mgeni bega, akamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtu habari ya msiba. Mnara haunyamazi. Mnara ulionyamaza umekufa. Ndiyo mila ya Mavumo: mnara ukifa, miji yote jirani huweka chini mivukuto yake, huja na sanda ya kulifunika baragumu, na vyungu, na mchele, na mikeka, ikakaa matanga siku tatu bila hata mmoja kugusa mpini. "Mungu apishe mbali," alisema Mauridi, naye alikuwa na woga wa kweli usoni, maskini. Baraza likaamua kwamba kwa kuwa neno la Mkabala halisikiki, uongezwe mvukuto mmoja zaidi wa kuwaambia kwamba halisikiki.

Walirudi kwenye mipini. Bi Zamzam alivukuta, akatazama bonde, akavukuta. Kutoka ng'ambo likaja vumo jingine lililosagika. Kheri akapaza: "HATUSIKII! ONGEZENI!" Ndipo yule mama alipochoka, na sikio lilichoka kabla ya mkono. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliuachia mpini. Akaketi chini, miguu ameinyoosha, mikono mapajani, kama mtu aliyemaliza kuchambua mchele.

"Bibi?" alisema Shekue.

"Mimi basi," alisema.

Shekue alitazama mpini wake mwenyewe. Ulikuwa umemtoa malengelenge. Akauachia naye.

Sasa sikilizeni kilichotokea, kwa sababu kisingeweza kutokea kwingine. Kitelezi amri haisikiki, mlio hauruhusu. Kwa hiyo kila mvukutaji hujua amri kwa kumtazama wa pembeni yake. Wa pembeni akiongeza, nawe unaongeza. Yule aliyekuwa kushoto kwa Shekue aliona watu wawili wameketi, akadhani amri imetoka, akaketi. Wa kushoto kwake akaketi. Safu nzima ikashuka, mmoja baada ya mwingine, wapozaji nao wakaketi, wamwagiaji maji wakatua ndoo. Mivukuto ikalala. Tundu la Heshima likatoa sss, ss, likakatika.

Jamani, ukimya! Shekue alisikia nzi. Alisikia jogoo katika mji aliodhani hauna jogoo. Kisha alimsikia Bwana Mauridi akija mbio, kiatu mguu mmoja, akilia kwa sauti, "Umekufa! Mnara wetu umekufa, mnara wa baba zetu!" Wanawake wakaanza kushika vichwa. Miji jirani, iliposikia pengo pale Kitelezi ilipokuwa inavuma, mmoja mmoja iliweka chini mivukuto yake kwa heshima ya marehemu. Mavumo yote ikatulia, kilima baada ya kilima.

Na katikati ya utulivu ule likaja neno. Halikuwa kubwa. Mkabala nao walikuwa wameachia mipini, na mivukuto yao ilikuwa na pumzi kidogo tu iliyobaki ndani. Lakini lilifika zima, kila herufi mahali pake, sauti ya kijana wa kiume iliyokauka kwa kuita.

"Bi Zamzam wa Kitelezi. Mama. Tunakuita tangu jana. Ruzuna anauliza, umemkasirikia?"

Bi Zamzam alisimama. Alifunika mdomo kwa kanga, akalia waziwazi mbele ya watu. "Mimi?" alisema. "Nimkasirikie mwanangu mimi? Nini cha kunikasirisha?" Tena akasema jambo ambalo lilimchoma Shekue moyoni: "Na hiyo ni sauti ya mkwe wangu. Kumbe ana sauti nzuri hivi."

"Umeitwa kwa jina, Bi Mkubwa," alisema Kheri kutoka juu ya mnara, kwa sauti ya kawaida, mwenyewe akashtuka kwamba amesikika.

"Nenda, bibi," alisema Shekue. "Mpini wako nitaukalia mimi."

Pale langoni Bi Zamzam alipishana na waombolezaji wa mwanzo kutoka miji jirani, wamejifunga vitambaa, vyungu vichwani, wanalia kwa mpango. "Poleni!" walimwambia. "Marehemu aliugua?"

"Hajafa," alisema Bi Zamzam. "Alikuwa hana nafasi ya kupumua. Huo ni mchele? Nipatieni pakacha moja, mwanangu yuko kwenye uchungu." Wakampa, nini wangefanya? Akateremka bonde nusu anatembea, nusu anakimbia, umri wote ule.

Mauridi aliposikia kwamba hakuna aliyekufa, alifuta machozi akaamuru mipini ishikwe. Wazee wa miji jirani wakakataa katakata. Wao wameshakuja, sanda imeshatandikwa juu ya baragumu, vyungu viko motoni, na mila inasema matanga hayavunjwi mchele ukiwa jikoni. Kama marehemu yu hai, hilo ni la marehemu. Mauridi alijaribu kubishana, lakini ni mtu wa sheria, na sheria ilikuwa upande wao. Matanga yakakaliwa.

Yalikuwa matanga matamu kuliko arusi nyingi. Moto wa jikoni ulikokwa, watu wakala wali wa moto. Wanaume walienda mashambani kutazama tu, wakarudi wamepalilia. Wenye ugomvi wa miaka waligundua kwamba walikuwa hawakuelewana tangu mwanzo, mmoja alisema kuku, mwenzake akasikia ukuta. Mke wa Mauridi alikuwa akiosha vyombo huku anaimba, na mumewe akasimama mlangoni, shavu lake lenye kovu limeegemea mwimo.

"Unaimba tangu lini?" aliuliza.

"Tangu unioe," alisema mkewe.

Mauridi alikaa kizingitini mpaka nyimbo zikaisha, ndivyo Shekue alivyomkuta, akampitia bila kumsemesha.

Siku ya kuanua matanga, sanda iliondolewa, na wavukutaji wakasimama kwenye mipini kungoja ishara. Shekue alikuwa kwenye mpini wa Bi Zamzam. Baraza zima lilikuwepo. Mauridi aliinua mkono wake juu, na mkono ule ukabaki juu.

Kutoka Mkabala palikuwa panakuja kitu. Miji mingine ilikuwa bado kimya, inawangoja waombolezaji wake warudi. Mkabala nako mivukuto ilikuwa imelala, mdomo mmoja tu wa baragumu umeelekezwa Kitelezi, na mtu, nadhani mnamjua, alikuwa amepandisha kitoto kichanga mpaka juu ya mnara akakiweka karibu na kitundu. Kililia. Kilikuwa kilio kidogo, cha hasira kidogo, kilio cha mtu aliyeamshwa kutoka mahali pazuri, nacho kilivuka bonde lote bila mtu mmoja kuvukuta.

Mauridi, kwa mazoea, alikuwa amesogea mpaka kwenye Tundu la Heshima. Halikuwa na pumzi hata chembe. Hata hivyo alivua kofia yake, akaikunja, akaliziba, asije akakosa sauti ile. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kujali cheo chake.

Kisha ikaja sauti ya Bi Zamzam, ya chini, ya mtu asiyetaka kumwamsha mzazi aliyelala. "Ni wa kike. Wote wazima. Ruzuna anawasalimu. Mnasikia?"

Kheri aliinama kwenye kitundu. Neno alilofundishwa lilikuwa tayari mdomoni, wote waliliona. Akalimeza. Akasema, kama anayesema na mtu wa chumba cha pili, neno ambalo mnara ule haukupata kulitamka tangu ujengwe.

"Tumesikia."

Shekue alirejea kwao ana malengelenge viganjani na furaha isiyo na sababu ya kuonyesha kwa mtu. Shangazi alipopiga simu, aliipokea kibarazani. "Shikamoo shangazi," alisema, polepole, kisha akamwacha shangazi aseme. Kumbe shangazi alikuwa na mengi mazuri. Mkewe alichungulia dirishani, hakuamini.

Hawajamaliza hata kuulizana hali, hodi ikapigwa. Majirani walikuwa wamejaa mbele ya kibaraza, mmoja na mkeka, mmoja na birika la kahawa, nyuso zimesinyaa. "Poleni sana," walisema. "Hatukukusikia leo. Nani amefariki?"